Lambo la Shambani: Anza na Mfereji wa Maji ya Ziada

Siku hizi wakulima wengine wa Kisii na Nyamira, ambao mashamba yao hushuka mpaka bondeni, wanapenda kuzuia maji kwa ukuta wa udongo na kujifanyia lambo. Wanataka kufuga ngege na kambale. Tena wanataka mahali pa kupumzika, penye viti kivulini, ambapo wageni na watoto watakuja Jumapili kuvua kwa ndoana. Hili ni jambo jema. Lakini lambo ni mzigo mzito uliowekwa juu ya kilima, na chini yake wanakaa majirani.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua lambo lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 20, na kina cha mita 1 kwa wastani. Litachukua mita za ujazo 600, na kila mita ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Basi ukuta wako unazuia tani 600, yaani malori 60 ya tani kumi kumi.

Sasa tazama mvua. Nchi yetu ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Ikiwa eka 10 za kilima zinateremsha maji kwenye lambo lako, na mvua ya milimita 50 ikinyesha alasiri moja, maji yatakayoanguka juu ya eka hizo ni zaidi ya tani 2,000. Hata kama nusu itanywewa na ardhi, tani 1,000 zitakuja lamboni, na lambo lenyewe linachukua 600 tu! Maji hayo yatapita wapi?

Mwezi mmoja wa Aprili nilifuatana na Bwana Shamba kwenda kwa mzee mmoja wa Nyamira. Lambo lake lilikuwa zuri, lakini mfereji wa kutoa maji ya ziada ulikuwa umezibwa kwa magunia ya mchanga. Nikamwuliza, "Omogaka, mbona umeziba?"

Akajibu, "Mwalimu, samaki wangu walikuwa wakitoka. Tena nataka maji yawe mengi, wajukuu wapande mashua."

Bwana Shamba hakubishana naye. Alimwonyesha tope lililobaki ukutani baada ya mvua ya jana yake: lilikuwa kiasi cha upana wa kiganja tu kutoka juu. Kisha akauliza, "Ile nyumba kule chini ni ya nani, Omogaka?"

"Ni ya mdogo wangu."

Mzee akanyamaza. Halafu akawaita vijana, na magunia yakaondolewa siku ile ile. Ni afadhali kupoteza samaki kumi kuliko kupoteza ukuta na ndugu.

Msidhani kwamba haya ni maneno ya kutishana. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, lambo la Patel lililokuwa katika shamba la mtu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilibomoka. Watu zaidi ya 40 walikufa, na miongoni mwao watoto wengi. Lambo lile lilikuwa kubwa kupita haya yetu mara nyingi, lakini desturi ya maji ni moja.

Ukuta wa udongo hubomolewa kwa njia mbili hasa. Ya kwanza, maji hupita juu yake, yakakata mfereji mdogo, na mfereji ukapanuka mpaka ukuta wote ukaondoka. Ya pili, maji hupenya ndani yake kwa kufuata mizizi, mashimo ya fuko, au kando ya bomba, yakichukua udongo kidogo kidogo.

Basi fanya hivi:

1. Uliza kwanza. Anayetaka kuzuia maji ya mto au kijito anatakiwa apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Mwombe fundi wa maji akupimie mahali, ukuta na upana wa mfereji.

2. Jenga wakati wa kiangazi, Desemba mpaka Februari, kabla ya masika. Ondoa majani na udongo mweusi wote, kisha chimba handaki chini ya ukuta mpaka ufikie udongo wa mfinyanzi.

3. Shindilia udongo wenye unyevu tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15. Ukuta wa kimo cha mita 3, wenye upana wa mita 3 juu, uwe na kitako cha mita 18: upande wa maji ulale zaidi kuliko upande wa nje.

4. Chimba mfereji wa maji ya ziada pembeni, katika ardhi ya asili, si juu ya udongo uliojazwa. Sakafu yake iwe mita 1 chini ya kilele cha ukuta, nayo ipandwe nyasi. Usiuzibe kamwe, wala usiweke wavu wa matundu madogo, kwa maana majani yatauziba.

5. Panda nyasi ukutani, si miti. Mkaratusi usiwe karibu hata kidogo. Ng'ombe wasipite juu yake.

6. Kwa ajili ya wageni, fanya ufuo mmoja usio na kina, na penginepo jenga ua. Weka mti mrefu na mpira wenye kamba, tayari kwa kumwokoa aliyeanguka. Ng'oa magugu ya kandokando, ili mbu wasizaliane.

Kila baada ya mvua kubwa, zunguka ukuta wako. Ukiona maji ya tope yakitoka upande wa nje, waonye walio chini mara moja, punguza maji lamboni, na umwite fundi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye lambo aongeze: na mfereji usiuzibe.