Msumari Unaotoa Ushahidi

Kila tonado kubwa ikipiga Marekani, redio zetu hutangaza kwamba ilikuwa ya daraja fulani, na wasikilizaji huamini kuna mtambo uliopima upepo wake. Mara nyingi hakuna. Kipima upepo kilichokuwa njiani kimeshang'olewa na mlingoti wake. Daraja limetolewa kesho yake, na mtu aliyechuchumaa juu ya sakafu ya zege isiyo na nyumba, akikagua bolti moja baada ya nyingine.

Jina nalo linanikera. Kwetu kila upepo mkubwa huitwa kimbunga. Hidaya, iliyofika pwani ya Tanzania Mei 2024, kweli ilikuwa kimbunga: ilizaliwa baharini, ikapewa jina, ikafuatiliwa kwa setilaiti siku kadhaa, na daraja lake likajulikana ingali inavuma. Tonado ni mnara wa upepo unaozunguka kutoka wingu la radi hadi ardhini. Upana wake kwa kawaida ni makumi au mamia machache ya mita, na uhai wake ni dakika. Kisulisuli cha kiangazi kinachozoa vumbi uwanjani kinafanana nayo umbo tu, kwani hakina wingu juu yake. Kimbunga husubiriwa, lakini tonado husomwa ikiisha kupita, katika vile ilivyoviacha.

Aliyeufanya usomaji huo kuwa sayansi ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyezaliwa Kyushu mwaka 1920. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la pili la atomiki lilikusudiwa Kokura, karibu na chuo alichokuwa akifundisha. Mji haukuonekana kutoka angani, na ndege ikaelekea Nagasaki. Baadaye Fujita alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza uharibifu. Makaburini alipima alama za kuungua kwenye vyombo vya mianzi vya kuwekea maua, na kwa pembe za alama hizo akakadiria bomu lililipuka kimo gani. Aliona pia miti iliyolala ikielekea nje pande zote, kama miale ya jua.

Jicho hilo alihamia nalo Chicago, na mwaka 1971 akatoa mizani yake ya tonado, kuanzia F0 hadi F5. Tarehe 3 na 4 Aprili 1974 tonado 148 zilipiga majimbo 13 ya Marekani na kugusa Kanada, naye akazungukia njia zilimopita kwa ndege akipiga picha. Katika baadhi ya misitu akaiona tena miale ya Nagasaki. Tonado huacha miti imepishana, mingi ikiinamia mstari iliopita. Hii ilikuwa imetawanyika, kwa hiyo akasema upepo ulidondoka kutoka winguni kama maji ya ndoo na kusambaa ulipogonga ardhi. Mwaka uliofuata ndege ya abiria ilianguka New York ikikaribia kutua, na Fujita akaeleza kwamba ilipita katika upepo wa namna hiyo. Baadhi ya wenzake walimbishia. Leo rubani anafundishwa kuukwepa, na chanzo cha somo hilo ni mtu aliyetazama miti imelala upande gani.

Mizani inayotumika Marekani sasa ni toleo lililoboreshwa, EF, lililoanza Februari 2007. Ina viashiria 28: nyumba ya kuishi, shule, ghala, nguzo ya umeme, mti wa mbao laini, mti wa mbao ngumu. Kila kiashiria kina ngazi zake za uharibifu, na kila ngazi ina kasi tatu: inayotarajiwa, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Kwa nyumba ya kawaida ngazi ni kumi, na ya mwisho ni sakafu iliyofagiliwa ikabaki tupu. Kasi inayotarajiwa hapo ni kilomita 322 kwa saa. Daraja la EF5 linaanza juu ya 322. Maana yake, nyumba ya kawaida ikifutika yote bado inasimama mlangoni pa EF5 bila kuingia. Ili ipite, mkaguzi lazima athibitishe kwamba ilijengwa vizuri kuliko kawaida.

Ndiyo maana anachuchumaa. Nyumba nyingi za kule ni za mbao. Bolti huzamishwa kwenye zege likiwa bichi, ubao wa chini wa ukuta huvalishwa juu yake, kisha hukazwa kwa washa na nati. Upepo hauisukumi nyumba yote kwa mkupuo. Mara nyingi mlango wa gereji hubonyea kwanza, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani huku ule wa nje ukilivuta juu. Paa likienda, kuta hazina tena kinachozishika. Hivyo mkaguzi huuliza kiungo kipi kilishindwa mwanzo. Bolti imepinda, au imesimama wima haina hata nati? Ubao umepasuka kuizunguka bolti, au ulipigiliwa tu misumari kwenye zege ukachomoka mzima? Bolti iliyosimama bila nati inasema kwamba ukuta ulikuwa umekalishwa pale, haukufungwa. Nyumba ya namna hiyo huondoka kwa upepo mdogo zaidi, na kasi inakadiriwa chini. Kisha vilivyo jirani navyo huulizwa: vichaka vilivyobaki na majani hatua tano kutoka sakafu tupu hutia shaka, na miti iliyochunwa magome huongeza uzito. Huko Vilonia, Arkansas, Aprili 2014, tonado ilifagia nyumba, lakini kwa namna zilivyofungwa kwenye misingi ilibaki EF4. Wengi walilalamika. Mimi naona wakaguzi walikuwa waaminifu kwa ushahidi waliokuwa nao.

Kinachoniuma ni tingatinga. Huja mapema kusafisha, kwa nia njema, na bolti zikishazolewa na kifusi hakuna wa kuhoji. Na kwetu hata tingatinga hatuna la kulaumu. Masika yanaezua paa la shule, taarifa inasema "upepo mkali", na habari inaishia hapo. Nilipokuwa mtoto paa la darasa letu lilitua kwenye shamba la mihogo. Fundi mmoja mzee aliinua kenchi, akatuonyesha: misumari miwili, na waya wa kuifunga kwenye ukuta haukuwapo. Mwezi uliofuata mabati mapya yalipigiliwa juu ya kenchi zilezile, na waya haukuongezwa. Hakuna aliyeandika alichokiona yule mzee, na tumekuwa tukilipia paa moja mara mbili mbili tangu hapo.

Mizani hii ina udhaifu mkubwa: pasipo kitu cha kuvunja, haina la kusema. Tarehe 31 Mei 2013 tonado yenye upana wa kilomita 4.2, pana kuliko zote zinazojulikana, ilipita mashambani karibu na El Reno, Oklahoma. Rada iliyobebwa kwenye gari ilisoma kasi ya karibu kilomita 480 kwa saa. Mtafiti mzoefu Tim Samaras alikufa ndani yake. Lakini majengo yaliyoguswa yalionyesha EF3, na EF3 ndilo daraja lililoandikwa. Ningependa namba ya rada itajwe kila mara daraja linapotajwa, kwa sababu zinajibu maswali mawili tofauti.

Baada ya tonado ya Moore, Oklahoma, Mei hiyohiyo ya 2013, EF5 haikutolewa tena kwa miaka 12. Kisha Juni 2025 tonado ilipita jirani na Enderlin, North Dakota, ikaangusha treni ya mizigo. Daraja la awali lilikuwa EF3. Behewa la treni halimo katika vile viashiria 28, ila behewa moja tupu la tangi lilikuwa limerushwa zaidi ya mita mia moja. Wahandisi, wakiwamo Wakanada, wakakaa na hesabu: uzito wa behewa, umbo lake, umbali lilipotua. Oktoba daraja likapandishwa hadi EF5.

Kazi za madaraja haya ni nyingi: kulinganisha tahadhari iliyotolewa na kilichotokea, takwimu za hatari za kila wilaya, usanifu wa vinu vya nyuklia, sheria za ujenzi kama zile Moore ilizopitisha 2014 kuhusu milango ya gereji na viungo vya paa, na vyumba vya kujikinga, ambavyo kuta zake hujaribiwa kwa kufyatuliwa ubao wa karibu kilo 7 kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa.