Prison Break ama Money Heist? Hii Ndiyo Siri ya Series Kukunyima Usingizi

Ingia kinyozi yoyote Kondele ama kaa na wasee wa boda pale steji, uulize swali moja tu: kati ya Prison Break na Money Heist, gani kali? Hapo umewasha moto. Lakini wengi hubishania waigizaji, na mambo yote yako kwa vile stori imepangwa.

Cheki Prison Break ya 2005. Michael Scofield anaiba benki makusudi ndio afungwe jela moja na brathe yake Lincoln, mwenye amehukumiwa kifo. Ramani ya jela amejichora kwa mwili. Unajua anataka nini, so kazi ya mwandishi ni kuharibu hiyo plani mbele ya macho yako. Askari akikaribia shimo, jasho inakutoka wewe.

Money Heist, iliyoanza kwa TV ya Uhispania 2017, imegeuza hiyo kitu. Mambo yanaenda mrama kwanza, halafu stori inarudi nyuma kukuonyesha Profesa alijipanga kitambo. Inabamba, lakini ikirudiwa sana, woga inaisha. Kama Profesa huwa na jibu, mbona ushtuke?

Alfred Hitchcock, yule dairekta wa Uingereza, alikuwa anaieleza na bomu. Ikilipuka chini ya meza ghafla, unashtuka sekunde 15. Ukionyeshwa mapema iko hapo na watu wanapiga stori tu, unateseka dakika 15. Hiyo ya pili ndiyo taharuki.

Na hii si ujanja wa wazungu. Kwa siwindhe, nyumba ya dani, watoi walikuwa wanajua vizuri Apuoyo sungura atamchezea Ondiek fisi. Bado walitaka sigana irudiwe, juu utamu ulikuwa kwa vile atatoka.

Sasa wale husema "series za Kenya zinavuta," tulieni kidogo. Maria ya Citizen TV ilikuwa inaonyeshwa siku za wiki, jioni baada ya jioni. Lazima kila episodi ikatike mahali pabaya ndio urudi kesho. Country Queen, series ya kwanza ya Kenya kwa Netflix, 2022, ilikuwa na episodi 6 pekee. Akisa anapigania ardhi ya kijiji chao na kampuni ya madini, na jamaa anampenda, Max, ni bwana ya mdosi wa hiyo kampuni. Hakuna nafasi ya kuvuta. Kulinganisha hizo mbili ni kama kupimanisha daladala na ndege: zote zinabeba watu, lakini safari si moja.

Hii inawahusu sana nyinyi mnashuti vitu na simu hapa Kisumu. Bunduki na barakoa za kuigiza hazitakutoa. Ziwa iko na stori zake. Chukua mama wa samaki amechoka na jaboya, anaweka pesa pole pole anunue boti yake, asiwahi tena kulala na mvuvi ndio apate samaki. Tuonyeshe pesa ameficha wapi. Halafu tuonyeshe yule mvuvi akimwona akizificha.

Usilipue kitu. Wacha tu asubuhi ifike, boti zirudi ufuoni, na sisi tukae tukingoja mama afungue hiyo mkebe.