Mvua Haipimwi kwa Lita

"Mwalimu, sisi tumekinga lita moja na nusu. Wale wa kundi la pili hawajafikisha hata kikombe. Mvua ya kwetu ilikuwa kubwa."

Aliyesema hivyo alikuwa binti wa kidato cha pili, ameshika beseni la plastiki kwa mikono miwili, akitembea polepole maji yasimwagike. Kundi la pili walikuwa na chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimelala usiku kucha kwenye uwanja mmoja, hatua tano tu kati yake. Ilikuwa shule moja ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mwanzoni mwa masika, nami nilikuwa nimealikwa kulisaidia darasa la jiografia kutengeneza kipimamvua.

Hatukumjibu kwa maneno, tulipima. Mdomo wa beseni ulikuwa na kipenyo cha sentimita 40, kwa hiyo eneo lake ni 3.14 × 20 × 20, yaani sentimita za mraba 1,256. Maji yalikuwa mililita 1,500. Gawanya maji kwa eneo, unapata sentimita 1.19. Tukaja kwenye chupa: kipenyo sentimita 9, eneo sentimita za mraba 63.6, maji mililita 76. Gawanya, unapata sentimita 1.19. Darasa lilinyamaza, kisha yule binti mwenyewe akasema: "Kumbe ni mvua moja." Ilikuwa milimita 12.

Nimeshiriki miradi ya namna hii katika shule kadhaa, na kila mara naona kwamba kazi ngumu si kukata chupa. Ngumu ni kuelewa kwamba kipimamvua hakipimi wingi wa maji uliyokinga. Kinapima kina: maji yangesimama kimo gani juu ya ardhi kama yasingezama, yasingetiririka, wala yasingekauka. Chombo chenye mdomo mpana hukinga maji mengi kwa sababu kinaangaliwa na anga kubwa zaidi, basi. Ukigawa maji kwa eneo la mdomo, upana unajiondoa wenyewe kwenye hesabu.

Faida ya kuhesabu hivyo huonekana pale mtu anapotaka kuitumia mvua. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo zile milimita 12 za usiku ule, zikianguka juu ya paa la darasa lenye eneo la mita 8 kwa 20, ni lita 1,920. Karibu zijaze simtanki la lita 2,000, kabla ya kutoa kile kinachomwagika kwenye gata. Na milimita 25 juu ya ekari moja ya mahindi ni kama lita 100,000. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, inazungumzia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Mwanafunzi aliyewahi kupima mwenyewe akisikia namba hiyo redioni, anajua ni maji ya kufika wapi kwenye chupa yake.

Wakulima wetu wana njia yao ya zamani, nayo si ya kubezwa. Baada ya mvua, mtu anapiga jembe moja au mawili, anatazama unyevu umefika wapi, ndipo anaamua kama apande. Huko Korea, karne ya 15, maofisa wa mfalme walifanya vilevile: walichimba udongo na kuripoti unyevu ulizama kiasi gani. Shida waliyoiona ndiyo anayoiona mkulima wa Gairo hadi leo. Udongo uliokuwa mkavu hunywa tofauti na udongo uliokwisha loa, kichanga hupitisha maji na mfinyanzi huyazuia, kwa hiyo vina viwili havilinganishwi. Katika miaka ya 1441 na 1442, enzi za Mfalme Sejong, wakatengeneza chombo cha chuma chenye kuta zilizonyooka, mdomo wenye kipenyo cha kama sentimita 14, na kuagiza vya aina hiyo vitumike mikoani. Jembe linamwambia mkulima hali ya shamba lake, na hilo ni swali la haki kabisa. Kwa swali la mvua iliyonyesha, inahitajika kopo.

Sasa tulijenge hilo kopo. Vifaa vinapatikana popote: chupa ya maji ya lita moja na nusu, kisu kikali au mkasi, rula, maka peni, selotepu, changarawe safi, na bomba la sindano la mililita 20 ambalo halijatumika, la kununua duka la dawa. Sindano yenyewe itupwe kabla wanafunzi hawajaligusa.

Tafuta chupa ambayo ubavu wake umenyooka. Chupa nyingi zina kiuno na mikunjo ya kushikia, na hizo zitakusumbua. Kata pale bega linapoanza kuingia ndani, kisha toa kizibo, igeuze sehemu ya juu na uiingize chini juu ndani ya chupa iwe faneli. Faneli hiyo inafanya kazi mbili. Inazuia jua na upepo visinyonye maji kabla hujafika kusoma, na inazuia matone yasiruke nje. Zungushia selotepu kwenye ukingo ili maji yasipenye kati ya faneli na chupa, halafu lainisha mdomo kwa msasa kidogo.

Tako la chupa lina vibonde, na hapo ndipo vipimamvua vingi vya shule huharibikia. Mwanafunzi anaweka rula nje, sifuri ikiwa mezani, anaanza kuchora milimita. Lakini milimita za kwanza zinaingia kwenye vibonde, ambako nafasi ni ndogo kuliko ubavuni, kwa hiyo maji yanapanda haraka na mvua inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Dawa yake ni kutia changarawe, kisha maji, mpaka vifunike vibonde vyote na kufika mahali ubavu umenyooka. Chora mstari hapo. Huo ndio sifuri, na kila asubuhi ukishamwaga unarudisha maji mpaka hapo. Wanaotaka kitu cha kudumu humimina saruji laini badala ya changarawe, nayo pia inaizuia chupa isipeperushwe.

Kuhusu kuchora alama, nina msimamo ambao walimu wengine hawaupendi kwa sababu unachukua muda: usitumie rula, tumia maji. Rula inadhani ubavu wa chupa umenyooka kila mahali na una upana sawa na mdomo. Maji hayadhani kitu. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli, ukingo wa juu kabisa unaopokea mvua, mara mbili kwa kukatisha msalaba, maana plastiki ikikatwa hulegea na kuwa yai. Chukua wastani. Tuseme ni sentimita 9. Eneo ni 63.6, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni mililita 63.6 na ya milimita 5 ni 31.8. Vuta maji kwa bomba la sindano, mimina mililita 31.8, weka macho sawa na uso wa maji, chora mstari na uandike 5. Mimina tena, andika 10. Endelea hadi juu. Kama chupa ina mkunjo, mistari itabanana au kuachana kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kipenyo kisipimwe kwa haraka. Ukiandika sentimita 8.5 badala ya 9, eneo linakuwa 56.7, na umekosea kwa zaidi ya asilimia 10. Kosa hilo litakufuata msimu mzima bila kuonekana, kwa sababu kila siku litakuwa kosa lilelile.

Ndoo ya jikoni nayo haifai kusomwa kwa rula, kwa sababu upana wake wa juu si sawa na wa chini. Mdomo wake ukiwa sentimita 30 na tako 24, mvua ya milimita 10 itasimama zaidi ya milimita 15 chini kule.

Darasa lenye hamu zaidi linaweza kuitumia tofauti hiyo ya upana kwa makusudi. Weka faneli yenye mdomo wa sentimita 12 juu ya chupa nyembamba yenye kipenyo cha sentimita 6. Eneo la mdomo ni mara nne ya eneo la chupa, kwa hiyo kila milimita ya mvua inapanda milimita nne, na hata rasharasha ya nusu milimita inaonekana. Chupa hiyo ikiwa na kimo cha sentimita 20 itajaa mvua ikifika milimita 50, kwa hiyo isimamishe ndani ya kopo kubwa la kupokea ziada. Kopo zuri ni kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji taka, likiwa jipya, limezibwa chini kwa kifuniko chake. Vipimamvua vya vituo rasmi hufuata mpango huohuo wa faneli, chupa ya ndani na kopo la nje.

Kisha pa kukiweka. Mwaka 1769 tabibu wa London, William Heberden, alichapisha matokeo ya mwaka mzima wa vipimamvua vitatu vilivyokuwa karibu karibu: kimoja chini bustanini, kimoja juu ya nyumba, na kimoja juu ya paa la Westminster Abbey. Cha juu ya Abbey kilipata karibu nusu tu ya kile cha chini. Ilichukua hadi mwaka 1861 ndipo William Stanley Jevons akaeleza kwamba mchawi ni upepo: unapokigonga chombo hunyanyuka na kukipita juu kwa kasi, ukibeba matone ambayo yangeingia. Kadiri unavyopanda juu upepo huzidi, na mvua inayokamatwa hupungua. Basi kipimamvua hakipandishwi juu ya bati la darasa hata kama huko ni salama dhidi ya watoto.

Chini kabisa nako kuna hatari yake, matone ya kuruka kutoka ardhini. Mdomo ukiwa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye majani mafupi, panatosha. Kisiwekwe juu ya sakafu ya saruji, kwani huko tone huruka mbali. Na kikae mbali na kila kilicho kirefu, angalau mara mbili ya kimo chake: mwarobaini wa mita 6 uache mita 12. Katika shule moja niliyopita, chupa ilikuwa imefungwa kwenye tawi la mwembe ili mbuzi wasiifikie. Wiki tatu walisoma mvua pungufu, na siku mbili waliandika mvua wakati mbingu zilikuwa nyeupe: majani yalikuwa bado yanadondosha ya jana. Tulichimbia nguzo uwanjani, tukaifunga chupa kwa waya, mdomo ukipita ncha ya nguzo, tukazungushia uzio mfupi wa fito.

Kusoma ni saa tatu asubuhi, kila siku. Ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa katika nchi zetu, kwa hiyo namba zenu zitaweza kukaa kando ya zao. Inama mpaka jicho liwe sawa na maji. Utaona uso wa maji umejikunja kupanda pembeni. Soma kwenye bonde, si kwenye ukingo. Andika kwanza, ndipo umwage. Maji ya sifuri nayo yabadilishwe kila asubuhi, yaleyale yasikae humo siku nyingi, mbu hawahitaji zaidi ya hayo kuzalia.

Daftari liwe na tarehe, saa, milimita, jina la aliyesoma na nafasi ya maelezo. Siku isiyo na mvua iandikwe 0.0. Nafasi iliyoachwa wazi haina maana ya sifuri. Ina maana kwamba hakuna aliyekwenda kuangalia, na mwisho wa mwezi hakuna atakayeweza kutofautisha. Jumamosi na Jumapili ndizo mtihani wenyewe. Kama hakuna wa kusoma, Jumatatu andikeni jumla na mseme ni ya siku tatu. Msiigawe kwa tatu, kwa sababu huenda yote ilinyesha Jumamosi usiku. Likizo ni ngumu zaidi, hasa ya Desemba, ambapo Dodoma na Singida ndiyo kwanza mvua zinaanza. Shule ile ya Morogoro ilimfundisha mzee mlinzi. Alikuwa haendi kulala baada ya lindo mpaka saa tatu itimu, asome, aandike.

Mwaka uliofuata nilirudi kulitazama daftari lao. Mwandiko ulikuwa wa watu kumi na zaidi, kurasa zimeloa pembeni, na karibu safu nzima ya Julai ilikuwa 0.0 iliyoandikwa moja moja. Katikati ya Aprili palikuwa na mstari wa mlinzi, kwa kalamu ya bluu iliyokandamizwa: "Mbuzi ameangusha usiku. Mvua ilinyesha. Kiasi hakijulikani."