Mwalimu Aliyeshindwa na Wanafunzi Wake

Hapo kale, dola ya Roma ilipokuwa ikizeeka au imekwisha kuanguka, palikuwa na mwalimu wa Kilatini. Jina lake halijulikani. Kilichobaki ni orodha yake ya mistari 227, na kila mstari unasema neno hili ndilo, lile silo. Mensa, si mesa. Tabula, si tabla. Oculus, si oclus. Speculum, si speclum. Wataalamu huiita Appendix Probi, na nakala yake ya kale iko Napoli, Italia. Ukiisoma unamsikia mtu aliyechoka. Nani atakataza neno ambalo hakuna anayelitamka?

Basi sikilizeni yaliyompata. Leo ukiwa Madrid, meza ni mesa na ubao ni tabla. Jicho ni ojo, na neno hilo halikutoka kwenye oculus ya mwalimu bali kwenye oclus ya wakosaji. Kioo, espejo, kimetoka kwenye speclum. Waliokosolewa ndio waliorithi nchi. Na mesa haikuishia Ulaya: Wareno waliileta hadi pwani yetu, ikawa meza, kwa hiyo hata daftari lako limelala juu ya neno lililopigwa marufuku.

Ukiingia chuo kikuu kusoma isimu ya Kihispania, hapo ndipo unapoanzia. Hufundishwi kumsahihisha mtu. Unafundishwa kuuliza kwa nini amesema alivyosema, na je, angeweza kusema vingine?

Tuchunguze oculus kwa karibu. Ina silabi tatu, o-cu-lus, na mkazo uko kwenye ya kwanza. Irabu ya katikati imebanwa, haina nguvu, ikamezwa: oclus. Sisi wenyewe tunaijua tabia hiyo. Lubumbashi utasikia “mutu”, Zanzibar utasikia “mtu”. U imekwenda zake na hakuna aliyelia. Sasa c na l zimekutana uso kwa uso, jambo ambalo ulimi hauna raha nalo. Zikalainika na kuwa sauti moja, ile ambayo Wareno wanayo mpaka leo katika olho. Huko Kastilia, kilikozaliwa Kihispania, haikutulia. Ikageuka kuwa sauti iliyo jirani na sh, kisha katika karne ya 16 na ya 17 ikarudi nyuma kinywani ikawa kh, kama ya “kheri”. (Mexico huandikwa kwa x kwa sababu hiyo hiyo: Wahispania walipofika huko, herufi x kwao ilikuwa sh.)

Ingekuwa neno moja tu, tungesema bahati. Lakini vetulus, yaani mzee, ilitamkwa veclus, ikawa viejo. Oricla, sikio, ikawa oreja. Speclum ikawa espejo. Cl nyingi za namna hii zilipita njia ile ile. Hakuna mfalme aliyeamuru wala baraza lililokaa, na bado watu maelfu, wengi wao hawajui kusoma, walitii kanuni moja. Mimi huona hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika somo zima, na sijaona kitabu cha utangulizi kinacholishangilia inavyostahili.

Njoo kwenye f. Farina, unga, ikawa harina. Filium, mtoto wa kiume, ikawa hijo. Fumum, moshi, ikawa humo. F ilidhoofika ikawa pumzi, na leo karibu kote hata pumzi hiyo haipo. H inaandikwa tu, haitamkwi. Kwa nini Kastilia, wakati Wareno na Wataliano waliitunza f yao? Msomi Ramón Menéndez Pidal aliwanyooshea kidole majirani, Wabaski, ambao lugha yao ya kale haikuwa na f. Wengine wanasema mabadiliko hayo yangeweza kuzaliwa ndani ya lugha yenyewe bila kusukumwa na jirani. Ubishi haujaisha.

Mwanafunzi mwerevu atanyoosha mkono: mbona moto ni fuego, si huego? Swali zuri. Irabu o fupi ya Kilatini ikibeba mkazo iligeuka ue, kama porta ilivyokuwa puerta. Focum nayo ikawa fuego, na mbele ya ue f ilipata pa kujishikiza. Tazama fuerte, fuente, fuera: zote zimeokoka. Kabla ya kusema “hiki ni kighairi”, angalia jirani wa sauti.

Hata mwaka 711, majeshi ya Waislamu yakavuka bahari kutoka Afrika Kaskazini, na Kiarabu kikakaa Hispania karne nyingi. Hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Azúcar ni sukari, aceituna ni zaituni, na alcalde, ambaye leo ni meya, ni kadhi yule yule. Wahispania walilibeba neno pamoja na al yake, sisi tukaiacha bandarini. Rehén, mateka, ni ndugu wa rehani. Na lile “hata” nililofungulia aya hii ni hatta ya Kiarabu. Kwa Wahispania ni hasta, maana yake “mpaka”. Kukopa nomino ni kawaida ya lugha zote, lakini kukopa kineno kidogo cha kuungia maneno ni dalili kwamba watu waliishi pamoja kwelikweli.

Mwaka 1492 Granada ikaanguka, Columbus akasafiri, na Antonio de Nebrija akachapisha Salamanca sarufi ya kwanza ya Kihispania. Mwaka 1713 ikaundwa Akademia ya Kifalme ya kuilinda lugha. Lugha iliyozaliwa na makosa ikapata walinzi wake. Wakati huo tayari ilikuwa imevuka Atlantiki, na baadaye ikatia mizizi hata Afrika: leo ni lugha rasmi Guinea ya Ikweta.

Na makosa? Yapo tele. “Ulisema” ni dijiste, lakini wengi hutamka dijistes, na walimu hukunja uso. Sasa pima: unasema ni dices, ulikuwa ukisema ni decías, utasema ni dirás. Nafsi ya “wewe” hubeba s mwishoni karibu kila mahali, isipokuwa katika wakati huu mmoja. Anayesema dijistes hajapotea. Ameona mpangilio na kulijaza pengo. Kwenye mtihani atakatwa alama, na ni haki, maana lugha sanifu nayo ina kazi yake. Kwenye somo la mofolojia, yaani la maumbo ya maneno, dijistes yake ndiyo data.

Kitendawili! Nocte, usiku, imekuwa noche. Octo, nane, imekuwa ocho. Lacte, maziwa, imekuwa leche. Filium mmekwisha kuiona. Je, factum, kilichotendwa, imekuwa nini? Msifungue kamusi. Mkishindwa, nipeni mji.