Mexico 1968: Oksijeni ilikuwa ile ile, sasa kwa nini watu walianguka?

Wiki hii kijiweni kwetu umezuka ubishi mkali. Jamaa mmoja kang'ang'ania kwamba ukipanda juu ya mlima oksijeni inapungua mpaka inabaki asilimia kumi hivi, na wenzake wote wakaitikia. Mimi nikakataa, wakanizomea. Sasa nimeamua niandike, ili mjadala uhamie hapa.

Ukweli ni huu: hewa ya Dar na hewa ya kileleni Kilimanjaro zina oksijeni kiasi kile kile, karibu asilimia 21. Iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Kinachobadilika ni mgandamizo. Sisi wa pwani tumebebeshwa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo hewa ya chini imeshindiliwa kama mkaa kwenye gunia. Ukipanda, mzigo unapungua, hewa inatawanyika. Unavuta pumzi ile ile moja, lakini ndani yake chembe za oksijeni ni chache, na hata zile zilizopo hazisukumwi kwa nguvu kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye damu.

Mfano mzuri kuliko wote ni Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968. Mji ule uko mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na kila pumzi pale ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Dar. Si kitu kama unatembea kwenda dukani. Lakini kimbia mita 10,000 uone!

Ron Clarke wa Australia ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mbio hizo, dakika 27 na sekunde 39, aliyoiweka 1965. Mexico akamaliza wa sita, akaanguka na kuzimia, ikabidi apewe oksijeni. Mshindi alikuwa Naftali Temu wa Kenya, na yeye mwenyewe alitumia dakika 29 na sekunde 27. Yaani bingwa wa Olimpiki kachelewa karibu dakika mbili nyuma ya rekodi! Kip Keino akamwacha mbali Jim Ryun wa Marekani kwenye mita 1,500, wakati Ryun ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia. Marathoni ikaenda kwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Kwa kifupi, kuanzia mita 1,500 hadi marathoni, dhahabu zote zilibebwa na Waafrika, wengi wao wakiwa watu waliozaliwa na kukulia nyanda za juu.

Halafu kuna wetu, Mzee John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anajua alivyoanguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho kati ya 57 usiku ukiwa umeingia. Watu wanasahau kwamba hata kabla ya kuanguka, misuli ilikuwa imeshaanza kumkaza, na mwinuko wa mji ule ndio unaotajwa kuwa sababu.

Kwa mbio fupi mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mita 100 haimpi mtu muda wa kuitegemea sana pumzi, na hewa nyepesi haikuzuii sana. Jim Hines akakimbia sekunde 9.95. Bob Beamon kwenye kuruka chini akaruka mita 8.90, akaipita rekodi ya dunia kwa sentimita 55! Hewa ilimsaidia kidogo, sio yote, msimvunjie heshima.

Mwili unajitetea vipi? Kwanza unahema haraka na moyo unaenda mbio. Baadaye figo zinatoa homoni inayoamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba oksijeni. Kazi hiyo inachukua wiki kadhaa. Ndio maana wanariadha wanaenda kupiga kambi Iten kule Kenya, kwenye mita 2,400 hivi.

Sasa nawageukia vijana mnaotafuta kazi ya upagazi Kilimanjaro. Kileleni, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya wa pwani. Moshi mjini haifiki hata mita 1,000, kwa hiyo usijidanganye kuwa kuzaliwa Moshi kunatosha, na gym haisaidii: ugonjwa wa mwinuko unampata hata mwenye kifua cha chuma. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usiendelee kupanda. Ukimwona mwenzako anapepesuka kama mlevi, anaongea hovyo, au anahema akiwa amekaa tu na kukohoa mapovu, msisubiri kukuche, na msimwache ateremke peke yake. Mshusheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na bosi ananuna. Dawa ya kwanza ni kushuka.