Burudani ya Miji ya Mbao Ni Mali ya Nani?

Mwananchi wa Unguja au Pemba anapoinua macho akazitazama mbao zinazobeba bati la nyumba yake, mara nyingi huwa anatazama jasho la watu asiopata kuwaona. Mbao laini zinazojaa masoko ya Dar es Salaam, ambazo nyingine huvushwa bahari mpaka visiwani, kwa sehemu kubwa hutoka katika Nyanda za Juu Kusini: Mufindi na Kilolo katika Mkoa wa Iringa, jirani zao wa Njombe, na kwa kiasi kidogo zaidi misitu ya Kawetire na Kiwira upande wa Mbeya. Juu ya miti hiyo yameandikwa mengi, ya hekta, ya ujazo na ya ushuru. Juu ya jioni za watu wanaoipanda na kuipasua yameandikwa machache mno, nayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza leo, kwa kuwa tunaamini visiwani kuna jambo ambalo miji ya mbao ingefaa ijifunze.

Tuutazame mji wa Mafinga, ambao enzi za ukoloni uliitwa John's Corner. Upo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kiasi cha kilomita 80 kutoka Iringa mjini, na umepakana na Shamba la Miti la Sao Hill. Upanzi wa majaribio katika shamba hilo ulianza mwaka 1939. Upanzi mkubwa ukafuata katika miaka ya 1960 na 1970. Leo eneo lote lapita hekta 130,000, nalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Baridi ya Juni na Julai huko ni ya kuvaa makoti mawili. Mtu aliyeshinda akibeba magogo, au akisukuma mbao katika mashine ndogo zile zinazoitwa dingidongi, huwa amechoka ifikapo saa kumi na mbili jioni. Lakini ana fedha kidogo mfukoni, giza linaingia, na chumba alichopanga ni kimoja. Aende wapi? Swali hilo si dogo, hasa katika mji ambamo Wahehe na Wabena wamechanganyika na Wakinga, Wanyakyusa na wengine wengi waliofuata kazi, hata hakuna ngoma moja ambayo mji mzima unaweza kusema ni yetu.

Zamani swali hilo lilijibiwa na mwajiri. Kiwanda cha kupasua mbao cha Sao Hill kilijengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1970, kikawa chini ya Shirika la Viwanda vya Mbao, TWICO. Katikati ya miaka ya 1980 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi, na pembeni mwake ukaota mji wa wafanyakazi. Desturi ya mashirika ya umma ya wakati ule inajulikana: shirika lilikuwa na timu ya mpira, lilikuwa na bwalo, na lile lililojiweza lilikuwa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lina kambi yake hapo hapo Mafinga, lilikuwa na Kimulimuli. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, akipokea mshahara mwisho wa mwezi sawa na fundi mitambo.

Mkoa wa Iringa wenyewe ulitoa mfano ulio bora kuliko mingi. Kiwanda cha kukata almasi cha Tancut, mjini Iringa, kiliunda Tancut Almasi Orchestra, ambayo katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ilisikika nchi nzima kwa njia ya Radio Tanzania, ndugu mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wakiwa mbele na mtindo wao wa Kinyekinye. Watu wa Dar es Salaam, ambao huamini kwamba dansi lilizaliwa Kariakoo na litazikwa Kariakoo, walilazimika kucheza muziki uliotoka kwenye baridi. Leo bendi hiyo haipo. Mti wa msindano huvunwa baada ya miaka kati ya 18 na 25. Bendi ile haikufikia umri wa msindano.

Wala si kwamba watu waliacha kupenda muziki. Bendi iliyo idara ya kiwanda haiwezi kuishi kupita hesabu za kiwanda. Miaka ya 1990 ilipofika na mashirika ya umma yakaanza kufungwa au kuuzwa, mashine za Mgololo zilisimama, na katika miaka ya 2000 kiwanda kikachukuliwa na wawekezaji kutoka Kenya. Kile cha Sao Hill nacho kikaingia katika mikono ya kampuni ya Norway. Hatumlaumu mnunuzi yeyote. Mfanyabiashara anunuapo kiwanda hununua misumeno, matanuru ya kukaushia mbao na magari. Hakuna sheria inayomlazimisha kununua magoli mawili na tarumbeta. Kosa, kama tutaliita kosa, lilitendeka kabla yake. Burudani ya watu iliandikwa katika daftari la mali za shirika, kati ya viti vya ofisi na matairi ya akiba, na daftari lilipofungwa nayo ikafungiwa humo.

Hapa ndipo tunapogeuza uso kuelekea visiwani. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905. Imepita enzi za masultani, vita viwili vya dunia na Mapinduzi ya mwaka 1964, na ingali inapiga taarab. Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, ingali hai pia. Vyama hivi vimepata kusaidiwa na serikali na wafadhili kwa nyakati mbalimbali, lakini uti wao wa mgongo ni wanachama: wanaochanga, wanaofanya mazoezi usiku baada ya shughuli zao za mchana, wanaochagua viongozi na, tusifiche, wanaogombana mpaka wakagawanyika. Hata mgawanyiko ni dalili kwamba watu wana kitu cha kugombea. Vivyo hivyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, au ngoma za kibati na msewe kule Pemba: hakuna mkurugenzi anayeweza kuamka siku moja akaziandikia barua ya kuzisitisha kwa sababu ya ukata.

Katika bara ya kusini mpira wa miguu umefundisha somo hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe wenye mvua nyingi na migomba, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam, jambo ambalo wazee wa Mbeya hulisimulia mpaka leo kana kwamba lilitokea juzi. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam kwa bao moja huko Lindi, na mwaka uliofuata ikashuka daraja. Mbeya City, iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilishika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14. Na Ihefu, iliyotoka Ubaruku katika Wilaya ya Mbarali, mwaka 2024 ilikuwa imekwisha kuhamia Singida ikabadilishwa na jina. Mpenzi wa timu huko Mbarali alibaki na jezi. Sheria za mpira hazikuvunjwa. Mwenye mali aliondoka na mali yake.

Kilichobaki katika miji ya mbao, basi, ni kile ambacho hakikuwa na mwajiri tangu mwanzo. Yapo mashindano ya mitaa ya kugombea mbuzi, ambayo huendeshwa kwa michango ya vijana na wenye maduka, na mshindi hula mbuzi pamoja na aliyeshindwa. Vipo vibanda vya kuonyeshea mpira wa Uingereza kwa televisheni, vile vinavyoitwa vibanda umiza, ambavyo jina lake limekwisha kusema yote kuhusu viti vyake. Na vipo vilabu vya ulanzi.

Msomaji wa visiwani atatuwia radhi kwa kutaja kileo, lakini habari za Iringa bila ulanzi zitakuwa pungufu. Ulanzi ni maji ya mwanzi. Mvua zinapoanza kukolea, kati ya Desemba na Januari, mwanzi mchanga hukatwa ncha, na mgema huupitia asubuhi na jioni akiuchonga kidogo ili utomvu udondokee katika mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi huo huo. Ukinywewa ukiwa mpya ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Ukilala huchachuka, ukawa mkangafu, na mkangafu hauna urafiki na mtu anayekwenda kushika msumeno kesho yake. Mvua zikikoma, kinywaji nacho hukoma, na wanywaji hurudia komoni ya mahindi. Kwa miezi ile michache, hata hivyo, kilabu cha ulanzi ndicho bwalo la mji. Wengi wa wauzaji ni akina mama, na fedha zile husomesha watoto. Humo kibarua hupata habari ya kitalu kinachovunwa, dereva wa lori hutangaza nafasi, mdai humkuta mdaiwa, na mzee mwenye kipaji cha kusimulia hupata wasikilizaji bila ya kuomba kibali. Ofisa anayekiona kilabu hicho kuwa ni tatizo la afya na usalama tu ameona nusu ya jambo. Hatutetei ulevi, ambao umebomoa nyumba nyingi Mufindi; twasema kwamba mahali pekee pa kukutania pakiwa ni pa kunywea, hata asiyetaka kunywa atakunywa.

Nguvu nyingine ni kwaya. Makanisa ya Kilutheri na ya Kikatoliki ya nyanda hizi yamelea uimbaji ambao si wa ibada peke yake: kwaya hutembeleana, hushindana, hushona sare, hurekodi nyimbo, na huhudhuria harusi na misiba ya wanachama. Waislamu wa miji hiyo nao wana Maulidi yao na dufu zao, ambazo mtu wa Pemba angezitambua akiwa bado barabarani. Ukichunguza utaona kwamba vikundi hivi vimejengwa kama zile nadi za Unguja: mchango, katiba hata kama haikuandikwa, na kiongozi anayeweza kuondolewa. Ndiyo maana havikufa TWICO ilipokufa.

Kuhusu ngoma za asili hatuwezi kuwa na furaha kiasi hicho. Wahehe wana chombo kiitwacho ligombo, ubao uliochongwa mfano wa kihori kidogo na kutandazwa nyuzi juu yake. Msomaji akifikirie kuwa jamaa wa mbali wa kanuni ya taarab. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alirekodi wapigaji wa Kihehe mwaka 1950, na kanda zake zimehifadhiwa huko Afrika Kusini. Ni ajabu iliyoje kwamba katika wilaya inayopasua magogo mchana na usiku, vijana wengi hawajapata kuliona ligombo kwa macho yao, wakati malighafi yake ni ubao! Mafundi seremala wa Mafinga hutengeneza vitanda na milango ya kila namna. Mzee mmoja anayejua kipimo, na fundi mmoja mwenye patasi, wangetosha kuanza.

Sasa tuseme na wakubwa. Tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, nchi hii haijakosa sera wala maofisa wa utamaduni. Sheria ya Baraza la Michezo ni ya mwaka 1967, na ile ya Baraza la Sanaa ni ya mwaka 1984. Klabu ikitaka kuandikishwa, mlango upo. Kinachokosekana ni ardhi yenye mwenyewe. Uwanja mtupu katika mji unaokua haukai mtupu: leo mtu anaomba aegeshe lori, kesho anashusha mbao, keshokutwa ana banda na risiti. Kiwanja cha mpira kisicho na hati ni kiwanja cha mwenye haraka.

Kwa hiyo hatuombi bendi ya serikali irudi, wala hatumtaki mwekezaji awalipe wapiga gitaa. Twaomba viwanja vipimwe na hati ziandikwe kwa jina la klabu zilizoandikishwa, au kwa jina la mtaa ikiwa klabu haipo, kwa masharti kwamba haviuziki. Twaomba pia sehemu ya ushuru wa mazao ya misitu ambao halmashauri hukusanya ijenge ukumbi mmoja mkubwa, tena wa mbao, uliopaliliwa na mafundi wa mji wenyewe, ambao kwaya itaukodi Jumamosi mchana na wacheza dansi usiku, na mlangoni mwake pasiuzwe pombe. Aliyepanda msitu akikosa paa la kuchezea chini yake, hesabu zetu haziko sawa.

Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na mapendekezo ya bajeti huanza kukusanywa katika kata miezi mingi kabla. Ofisa Utamaduni wa Mafinga, na mwenzake wa Makambako, na yule wa Rungwe, asisubiri kuandikiwa waraka. Apeleke mezani karatasi moja tu: orodha ya viwanja na majumba ya starehe yaliyosalia katika eneo lake, vipimo vya kila kimoja, na mbele ya kila kimoja jina la anayekimiliki.