Mgonjwa Aelezwe kwa Lugha Anayoielewa

Walimu wa fonetiki hufundisha kwamba /p/, /b/ na /m/ ni sauti za midomo. Ni nadra, hata hivyo, tumweleze mwanafunzi ni nini kinachoiamrisha midomo hiyo. Ni neva ya uso. Neva hii, moja kila upande, hutoka fuvuni nyuma ya sikio, ikaingia katika tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na humo ikagawanyika katika matawi makuu matano: ya paji, macho, mashavu, mdomo wa chini na shingo.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni isimu. Lakini jambo hili linatuhusu.

Uvimbe unapoota katika tezi hiyo, aghalabu si saratani. Hukua polepole bila maumivu, na mgonjwa huupuuza kwa miaka. Hata hivyo, aina iliyo ya kawaida zaidi yaweza kugeuka saratani ikiachwa mno. Isitoshe, uvimbe mkubwa huisukuma neva kutoka mahali pake.

Kwa hivyo kanuni ya wapasuaji ni kuitafuta neva kwanza, ndipo wauondoe uvimbe. Huanza shinani, wakiongozwa na gegedu la sikio na misuli iliyo karibu, kisha hufuata tawi baada ya tawi. Uvimbe ukiliziba shina, huanzia kwenye ncha za matawi wakarudi nyuma. Wengine hutumia mtambo unaonasa mtikisiko wa misuli ya uso neva inapochokozwa. Hata hivyo, uso waweza kulegea kwa majuma au miezi kabla ya kurejea hali yake. Na saratani ikiwa imeipenya neva, huenda ikabidi ikatwe na kuungwa kwa kipande cha neva nyingine.

Haya yote mgonjwa anapaswa kuyajua kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Afya ya 2017 yataka aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Lakini mwambie mtu kwamba "mshipa utaguswa", naye yamkini atafikiria damu, kwani neno hilo kwetu hutaja njia ya damu, neva, na hata ngiri. Ama atakubali asichokielewa, ama atakimbia kwa hofu na kurudi uvimbe ukiwa umekua maradufu.

Wapo watakaosema kwamba "neva" ni neno la kukopa. Na liwe la kukopa! Sharti la istilahi ni kutaja kitu kimoja bila utata. Walimu wa Kiswahili na wa biolojia na washirikiane: neva iitwe neva, mshipa uachiwe damu, na kano iunge msuli na mfupa. Mwanafunzi atakayeyazoea maneno haya darasani ndiye atakayemfafanulia nyanya yake maneno ya daktari hospitalini.